Muhogo wa Uani

Mama yetu alicheka mpaka akashika mbavu siku tulipomwambia kwamba safari hii tutapanda muhogo kwa mbegu.

"Kwani siku zote watu hupanda kwa nini?" akauliza.

Kwake yeye, na kwa kila mkulima wa Takaungu alikozaliwa, mbegu ya muhogo ni kile kipande cha shina chenye urefu wa shubiri moja na macho matano sita, kinachokatwa kwa panga siku ya kung'oa na kuchomekwa ardhini mvua ikianguka. Tulipofungua kikopo cha dawa na kummiminia kiganjani chembe za kijivu zenye madoa ya hudhurungi, mithili ya mbegu za mbarika ila ndogo zaidi, alizigeuzageuza kwa kidole, akazinusa, kisha akaturudishia. Vitu vya kuku hivi, akasema. Alikuwa amelima muhogo zaidi ya miaka hamsini na hajapata kuona mtu akiziokota, sembuse kuzipanda.

Wasomaji wetu wapenzi, assalaamu alaykum. Sisi ni dada wawili, mmoja mwalimu na mwingine mshonaji, na tunaishi Karen, upande wa magharibi wa Nairobi, katika nyumba ndogo iliyo nyuma ya nyumba kubwa ya watu wengine. Tulipanda huku kwa sababu ya kazi, na baada ya baba yetu kufariki tukamchukua mama, kwani magoti yake yalihitaji daktari kila mwezi. Mwenye nyumba alituruhusu kulima kipande cha ardhi kati ya jiko letu na ua wa mikwaju ya bougainvillea. Udongo wake ni mwekundu, laini, wa kupendeza macho. Hali ya hewa ndiyo mtihani. Karen iko kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na katika miezi ya Juni, Julai na Agosti jua huweza kujificha siku nzima nyuma ya mawingu ya Ngong. Yule bibi wa Kidenmark, Karen Blixen, ambaye nyumba yake ni makumbusho tangu 1986, alilima kahawa chini ya milima hiyo mpaka shamba likafilisika na kuuzwa mwaka 1931, na urefu wa ardhi ile ulikuwa mmoja wa maadui zake. Ikiwa kahawa iliona baridi, muhogo wa pwani ungesema nini?

Lakini hatukuwa na hiari, na inafaa tueleze kwa nini.

Nyuma ya nyumba ya mama, karibu na kisima, palikuwa na muhogo ambao haukuwa na jina. Jirani walikuwa na Kibandameno, ambao kila mtu wa Kilifi anaujua. Wetu uliitwa muhogo wa uani tu. Nyanya yetu aliukuta hapo alipoolewa, akaukata na kuuchomeka upya mwaka hadi mwaka, akamwachia mama. Ganda lake la ndani lilikuwa la waridi, na ukiuchemsha ulipasuka wenyewe na kuwa kama unga. Ndio uliokuwa ukipikwa kwa nazi usiku wa kwanza wa Ramadhani, na hatukumbuki futari ya utotoni bila sahani ile.

Baba alipofariki shamba liligawanywa kama sheria ya mirathi ilivyoamrisha, kisha wengi wa warithi wakataka fedha. Hatuwalaumu, kwani kila mmoja ana watoto wa kusomesha. Sehemu yenye kisima ikauzwa. Mnunuzi aliturehemu kwa kutupa mwaka mmoja kabla ya kujenga, na binamu yetu aliyebaki Takaungu akaahidi kututumia mashina. Yalipofika kwa basi, yamefungwa kwenye gunia, tuliyachomeka kwa bismillahi. Yakachipua. Majani ya kwanza yalitoka yamejikunja, yana mabaka ya njano na kijani, madogo kama masikio ya paka. Mama aliyatazama mara moja tu kutoka kwenye kiti chake.

"Batobato," akasema, akageuza uso.

Batobato ni maradhi ya virusi. Huenezwa na nzi weupe, wale wadogo wanaoruka kama majivu ukitikisa mti, lakini mwenezaji mkubwa kuliko nzi ni sisi wenyewe. Shina likishakuwa na ugonjwa, kila kipande ukikatacho kinaubeba. Ukichomeka vipande ishirini umepanda wagonjwa ishirini. Pamoja nao kuna ndugu yake, michirizi ya kahawia, ambaye ni mnafiki zaidi: majani yanaweza kuonekana salama, na siku ya kung'oa unakuta muhogo umeoza ndani kwa madoa makavu ya rangi ya kutu. Binamu alikagua mti mmoja mmoja pale uani. Hapakuwa na hata mmoja mzima. Kwa muda wa miaka mingi muhogo wa nyanya ulikuwa ukifa polepole mikononi mwetu, nasi tukidhani ni ardhi iliyochoka.

Wazo la mbegu lilitoka mahali ambapo hatukutarajia. Mtunza bustani wa nyumba kubwa hupanda dalia, yale maua makubwa ya duara ambayo chini ya ardhi yana viazi kama vidole vilivyovimba. Karen ni nchi ya dalia. Hata vitalu vya kando ya barabara huziuza kwenye mifuko meusi. Mzee huyu alikuwa na dalia nyekundu kama damu, na kila alipotaka nyingine kama ile alichimba, akagawa viazi, akahakikisha kila kimoja kina jicho shingoni, akapanda. Wakati mwingine, kwa kujifurahisha, aliacha ua likauke, akakusanya mbegu zake nyembamba nyeusi na kuzimwaga kwenye sinia ya udongo. Kwa siku nane au kumi zilikuwa zimeota, na kabla ya mwaka kwisha zilikuwa zimetoa maua na viazi vyake zenyewe. Ila hapakuwa na mbili zilizofanana: moja ya manjano, moja ya zambarau, moja yenye petali chache kama ua la mwituni. Kiazi kinakurudishia mama yule yule, alitwambia. Mbegu inakupa watoto.

Maneno hayo tuliyabeba mpaka nyumbani. Kwani muhogo nao, ijapokuwa twausahau, ni mti wenye maua.

Tukaanza kusoma na kuuliza, na hapo ndipo tulipojifunza habari ambayo tungependa kila mama wa pwani aijue. Katika milima ya Usambara, juu ya Tanga, ipo Amani. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa kilimo huko mwaka 1902, na Waingereza wakakiendeleza. Katika miaka ya 1930 mtaalamu H. H. Storey pamoja na mwenzake Nichols walikabiliana na batobato iliyokuwa ikimaliza muhogo wa Afrika Mashariki. Hawakuwa na dawa, na mpaka leo dawa hakuna. Walichofanya ni kuchukua chavua na kuyakutanisha maua. Waliuzalisha muhogo pamoja na jamaa yake wa mbali, mti wa mpira kutoka Brazil, ule ule ambao sisi tunachuma majani yake kupikia kisamvu cha mpira. Walipanda mbegu zilizotokana na ndoa hiyo, wakatupa walio dhaifu, wakawarudisha walio imara kwa muhogo wa kuliwa, kizazi baada ya kizazi. Mbegu za ukoo huo zilipelekwa Nigeria katika miaka ya 1950, na watafiti wa Ibadan wakajenga juu yake mihogo yenye kustahimili batobato ambayo imelisha mamilioni ya watu. Mbegu zile zingetoshea kwenye bahasha. Baada ya vita vya pili vya dunia, makao ya utafiti wa kilimo wa Afrika Mashariki yalihamishiwa Muguga, upande wa Kikuyu, safari fupi ya gari kutoka mlango wetu, na Storey mwenyewe akahamia huko. Basi hatukuwa wa kwanza kupandisha mambo ya muhogo mlimani.

Jambo la pili tulilojifunza ndilo lililotutia moyo: batobato kwa kawaida haipiti kwenye mbegu. Mama mgonjwa anaweza kuzaa mtoto aliye safi. Jambo la tatu lilitutia huzuni kidogo. Mtoto huyo hatakuwa mama yake. Nyuki huzunguka mashamba yote, basi upande wa mama wa kila mbegu unajulikana, na upande wa baba ni siri ya nyuki. Muhogo wa uani kama ulivyokuwa hatungeupata tena kwa njia hii. Tungeweza kupata wanawe tu, kama Mungu akipenda, bila kujua nani kati yao amechukua ganda la waridi na nani amechukua uchungu wa muhogo wa mtu mwingine.

Tulimpigia binamu simu katikati ya mwaka 2022. Maua ya kike, tulimweleza, hukaa chini ya kichala na hufunguka kwanza. Ya kiume yako juu na hufunguka baada ya wiki moja au zaidi. Tunda ni dogo, la duara, lenye mbawa sita nyembamba, na ndani yake mna vyumba vitatu, kila chumba mbegu moja. Huchukua kama miezi mitatu kukomaa, na likikauka halisubiri mtu: hupasuka kwa kishindo na kurusha mbegu mbali. Ndiyo maana wakulima hawazioni. Binamu alikata chandarua kikuukuu, akakifunga juu ya vichala kama mtu anayefunga vitumba vya mkufu, na watoto wa jirani wakamwita mwendawazimu. Mwezi wa Septemba alitutumia kikopo. Ndani mlikuwa na mbegu arubaini na moja.

Hatukuzipanda papo hapo. Mbegu mbichi ya muhogo hulala, na ni vyema kuiacha miezi mitatu minne mahali pakavu. Mwisho wa Desemba tukazitia kwenye bakuli la maji. Kumi na nne zikaelea. Hizo kwa kawaida huwa tupu ndani, tukaziweka kando. Ishirini na saba zikazama. Tukajaza vikombe vya mtindi mchanganyiko wa udongo na mchanga, tukavitoboa chini, tukazifukia kila moja kwa kina cha sentimita mbili hivi, ule upande wenye kijinundu ukitazama chini. Tukamwagilia. Tukangoja.

Wiki tatu zikapita bila dalili yoyote.

Kosa letu lilikuwa baridi. Mbegu ya muhogo hutaka joto la kati ya digrii 30 na 35 ili iamke vizuri, na usiku wa Karen, hata Januari, hushuka hadi 12 au 13. Tulikuwa tumeviweka vikombe dirishani kwa sababu ya jua, nasi tukasahau kwamba jua huondoka. Aliyetatua jambo hili ni mama, aliyekuwa bado anaziita vitu vya kuku. Asubuhi moja ya Jumapili alikuwa akiukanda unga wa mahamri, akilalamika kama kawaida yake kwamba unga wa huku hauumuki mpaka uvishwe blanketi kama mgonjwa. Alifunika bakuli, akaliweka kwenye kabati lililo ubavuni mwa tangi la maji moto, akasimama pale kwa muda. Kisha akaenda dirishani, akachukua vikombe viwili viwili, akavipanga ndani ya kabati kuzunguka bakuli la unga.

"Viumuke pamoja," akasema.

Siku ya kumi na mbili baada ya hapo, kabla ya alfajiri, mmoja wetu alifungua kabati kutafuta taulo na kuona shina jeupe limejikunja kama ndoana, limebeba ganda la mbegu kichwani kama kofia. Tuliamshana. Mama alikuja na tasbihi mkononi, akainama kwa tabu, na hapo ndipo alipoamini. Hakusema kitu. Alikwenda kuswali, na tokea siku ile ndiye aliyekuwa mwenye ufunguo wa kabati.

Zikaota kumi na sita. Kila moja ilifungua majani mawili ya mwanzo, mapana, ya duara, yasiyofanana kabisa na jani la muhogo. Ya tatu na ya nne ndiyo yaliyoanza kupasuka vidole. Tulizihamishia dirishani mchana na kuzirudisha kabatini usiku, kama watu wenye watoto wachanga. Hata hivyo tulipoteza nne kwa wiki moja, kwa sababu ya huruma. Mtoto mmoja wa nyumba hii alikuwa akizimwagilia kila alipozipita, na udongo ukawa haukauki. Miche ikanyauka shingoni, usawa wa udongo, ikalala. Mche mdogo hufa kwa maji haraka kuliko kwa kiu. Tangu siku hiyo tulimwagilia kutoka chini tu, kwa kuviweka vikombe kwenye sinia ya maji kwa muda mfupi, na juu ya udongo tukatandaza mchanga mkavu.

Miche kumi na miwili tuliitoa nje mwisho wa Machi 2023, mvua za masika zilipoanza, katika siku za mwanzo za Ramadhani. Tuliipanda kwenye matuta ili maji yasituame, nafasi ya mita moja kutoka mche hadi mche. Mama aliketi kwenye kiti akituamrisha. Watoto walimkumbusha ile hadithi ya mtu mwenye mche mkononi na Kiyama kinasimama, ambayo kila mwanafunzi wa madrasa anaijua, naye akawajibu kwamba Kiyama kikisimama kwanza kitawakuta hawajanawa mikono.

Hatutawachosha kwa habari za kila mwezi. Fuko waliingia kutoka upande wa bustani kubwa, wakavuta miche mitatu chini kwa chini. Asubuhi ulikuta mche umesimama wima, ukiugusa unaondoka mkononi hauna mzizi. Mtunza bustani alitufundisha kuzungushia matuta wavu wa waya uliozikwa hadi gotini. Baridi ya Julai ikaua mmoja, na iliyosalia ikaangusha majani ikabaki vijiti. Watu waliopita walidhani tumechomeka fimbo za maharage. Mwezi wa Septemba, jua liliporudi, vijiti vikatoa macho mekundu. Hapo ndipo tulipoanza kuiona tofauti yao. Mmoja ulikuwa na vikonyo vyekundu na mwingine vya kijani kibichi. Mmoja ulikuwa na majani membamba kama vidole vya mzee. Mmoja ulienda juu bila tawi, mwingine ulitawanyika kama mwavuli. Watoto waliipa majina ya shangazi zao, na inasikitisha kusema kwamba yalifaa.

Ramadhani iliyofuata, ya Machi 2024, mama aliuliza kama tutang'oa. Tulifukua pembeni mwa mti mmoja kwa vidole tukakuta mzizi mnene kama kidole gumba. Pwani, mwaka mmoja ungetosha. Huku juu muhogo huenda kwa mwendo wa kobe, na mti wa mbegu una mzizi mkuu unaozama chini kabla haujafikiria kunenepa. Tukamwomba subira. Ikaja masika ya Aprili na Mei, ile iliyofurisha mito ya Nairobi na kuwatoa watu majumbani mwao. Kwetu, alhamdulillahi, ilichukua miti miwili tu, iliyooza kwa maji kusimama. Tukabaki na sita.

Tuling'oa mwezi wa Shaaban, Februari 2025, karibu miaka miwili kamili tangu kuitoa nje. Na hapa twaomba mtusikilize kwa makini, hasa nyinyi mnaopenda kujaribu mambo. Muhogo uliotokana na mbegu hauna historia. Hakuna nyanya aliyeula akaishi kukusimulia. Muhogo wote una kitu ambacho kikisagwa au kutafunwa hutoa sianidi. Katika muhogo mtamu ni kidogo na huondoka kwa kumenya na kuchemsha, katika muhogo mchungu ni kingi na huweza kuua. Wazee wa Congo, na watu wa Tarime kule Tanzania katika miaka ya 1980, waliona watoto na wanawake wakipooza miguu ghafla kwa ugonjwa uitwao konzo, uliotokana na kula muhogo mchungu usioandaliwa vizuri kwa wiki nyingi, wakati wa ukame au njaa, pasipo vyakula vingine vya kujenga mwili. Mama alikuwa tayari ameshika kisu, akitaka kuonja ncha kama walivyofanya wazee wake. Tulimnyang'anya. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwetu kumnyang'anya mama kitu, na hakutusemesha mpaka Maghrib.

Tulipeleka vipande sita, kila kimoja na namba yake, kwa mtaalamu mstaafu wa kilimo anayeswali msikiti mmoja nasi. Alivikatakata na kuviweka kwenye chupa ndogo, akaning'iniza ndani ya kila chupa kikaratasi cha manjano kilicholoweshwa dawa, akafunga. Siku ya pili vikaratasi viwili vilikuwa vimegeuka rangi ya matofali. Wawili wachungu, basi. Miti hiyo, mmoja wapo ndio uliokuwa mzuri kuliko yote kwa umbo, na mizizi mikubwa iliyojaa beseni, tuliikata na kuichoma ili asiokote mtoto wala mbuzi. Wa tatu ulikuwa na nyuzi kama kamba ya minazi. Wa nne ulikuwa maji matupu. Walibaki wawili ambao vikaratasi vyao vilibaki manjano, na mmoja kati ya hao wawili, tulipolikwangua ganda lake la juu kwa ukucha, ulikuwa wa waridi ndani.

Hatukumwambia mama. Usiku wa kwanza wa Ramadhani tuliimenya yote miwili, tukaiondoa moyo, tukaichemsha kwenye sufuria mbili bila kufunika, tukamwaga maji, tukaimalizia kwa tui. Nazi za Nairobi ni kavu na ghali, na tui lake halina mafuta. Twajua kwamba msomaji wa Malindi anatuonea huruma, na anayo haki. Tuliziweka sahani mbili mbele yake. Alifungua kwa tende na maji, akaswali, akarudi. Akaonja ya kwanza, akaisogeza. Akaonja ya pili, akatafuna polepole, akanyamaza, akachota tena.

"Huu umezaliwa na ule wetu," akasema mwishowe. "Lakini haupasuki. Ule wetu ulipasuka."

Mmoja wetu akasema huenda ni baridi ya huku, au ugumu wa maji, na kwamba pwani huenda ungepasuka. Mama akasema huenda. Kisha akasema tui ni maji ya kuoshea vyombo, na watoto wakapumua, kwa sababu amerudi kuwa mwenyewe.

Limebaki jambo moja ambalo Karen haiwezi kutujibu. Huku juu nzi weupe ni wachache, na kila mti unaweza kuonekana mzima kwa sababu tu hakuna aliyeujaribu. Kituo cha utafiti cha Mtwapa, ambacho kimewapa wakulima wa pwani mihogo kama Tajirika na Shibe, huipeleka miche mahali penye ugonjwa na kuiacha ipigane, mwaka baada ya mwaka, kabla ya kuipa jina. Sisi hatuna vituo. Tuna binamu. Baada ya Idi tulikata mashina ya ile miwili, tukayafunga kwenye kanga kuukuu ya mama, tukamkabidhi dereva wa basi la usiku. Sehemu ya kisima sasa ina ukuta na lango la chuma, kwa hiyo binamu aliyapanda kwenye kipande chake mwenyewe, katikati ya Kibandameno wagonjwa wa jirani, kama tulivyomwomba.

Mwezi wa tatu alituma picha kwa simu. Ule usio wa waridi umepata mabaka ya njano kwenye majani matatu ya juu. Wa waridi, majani yake bado ni ya kijani. Mama aliomba picha hiyo ikuzwe, kisha ikuzwe tena, mpaka jani moja likajaza kioo chote, na alikaa nalo kwenye mwanga wa dirisha mpaka simu ikazimika.